Malango ya Wasichana Wakristo: Habari za Masasi na za Nchi za Jirani

Habari za jando la Kikristo la Masasi zimeandikwa mara nyingi, na kila mwalimu aliyesoma historia ya Kanisa la kusini anazijua walau kwa kifupi. Habari za upande wa wasichana ni chache, tena zimetawanyika. Sababu yake si ngumu kuiona: walioandika vitabu wengi wao walikuwa wanaume, na nyumba ya wari haimfungukii mwanamume, awe padre, awe mwalimu, awe baba mzazi. Walakini jambo lenyewe ni kubwa, kwa kuwa ndani ya nyumba ile wasichana wengi wa nchi hizi walifundishwa, pamoja na wenzao wa rika moja, jinsi ya kuenenda katika utu uzima. Tena swali lililowashughulisha wazee wetu wa zamani zile lingali mbele yetu katika kila mtaa: msichana aliyekwisha kupata kipaimara, afundishwe na nani mambo ya ukubwa wake, na kwa njia gani, hata siku atakapokuwa peke yake ajue kuchagua?

Kwanza tutazame maneno, maana maneno huhifadhi mengi ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Watu wa Mrima husema unyago kwa wasichana na jando kwa wavulana. Msichana aliyetiwa ndani ni mwari, au mwali. Mwanamke anayemwongoza ni kungwi. Yupo pia somo, na neno hili lina sura tatu: somo ni mwenye jina moja nawe, ni rafiki wa siri, tena ni yule anayemfunda mwari. Kitendo chenyewe ni kufunda. Kamusi za zamani zatuonyesha kwamba kufunda ni kuponda na kutwanga, na pia ni kufundisha. Kwa hiyo aliyefundwa, tukilifuata neno hata shina lake, ni kama nafaka iliyopita kinuni. Kusini, kwa Wayao na Wamakua na Wamakonde, mwenye mamlaka ya mambo haya huitwa nyakanga. Wayao hawakumfunda msichana mara moja tu. Kulikuwa na chiputu alipokuwa bado mdogo, kulikuwa na mafundisho mengine alipovunja ungo, na kulikuwa na litiwo alipochukua mimba ya kwanza.

Neno lililoshika katika Kanisa la Masasi ni malango. Wako wanaodhani kwamba ni wingi wa lango, kwa sababu msichana huingia kama mlangoni na kutokea upande wa pili. Ni mfano mzuri, lakini mimi naona shina lake ni jingine. Katika Kibemba, kulanga ni kuonyesha. Katika Kichewa, mlangizi ni mshauri, na chilangizo ni mashauri yenyewe. Yaelekea basi malango ni mambo yaonyeshwayo. Tofauti hii si ya maneno matupu, kama itakavyoonekana mbele.

Misheni ya Vyuo Vikuu ilifika Masasi mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere alipoongoza watu waliofunguliwa utumwani kutoka Unguja ili wakae huko bara. Mwaka 1882 kijiji kile kilipigwa na Wangoni, walioitwa Magwangwara, na watu wengine wakachukuliwa. Mwaka 1905 katika vita ya Maji Maji nyumba za misheni zikachomwa moto. Naeleza haya kwa sababu moja tu. Wakristo wa kwanza wa Masasi walikuwa watu waliong'olewa katika kabila zao, nao waliishi kati ya majirani ambao walimhesabu mtu asiyepita unyago au jando kuwa bado mtoto, hata akiwa na mvi. Msichana aliyelelewa katika ua wa misheni aliweza kusoma Injili na kushona nguo, lakini kisimani wanawake wenziwe hawakumpa nafasi ya kusema. Asiyefundwa hakuitwa kusaidia uzazi, wala hakuketi katika shauri la wanawake. Basi wazazi wengi Wakristo waliwapeleka binti zao unyagoni kwa siri, na kisha wakaja kuungama, au wasije.

Kwa muda mrefu mapadre walijaribu njia ya kukataza. Hawakupata faida nyingi. Mapadre wenyeji waliijua hali hii kuliko Wazungu, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa na mama na dada na binti. Kolumba Msigala alikuwa mmoja wa mapadre hao. Pamoja nao alikuwako Vincent Lucas, aliyefika Masasi kabla ya vita kuu ya kwanza na baadaye akawa Askofu wa kwanza wa Masasi, tangu 1926 hata 1944. Shauri lake lilikuwa hili: desturi isiyopingana na imani isivunjwe, bali igeuzwe na kutakaswa. Tangu mwaka 1913 hivi lilianza jando lililosimamiwa na Kanisa. Mti wa zamani ukaachwa, msalaba ukasimikwa mahali pake. Dawa za wazee zikaachwa, sala zikawekwa. Tohara ikafanywa na mtu aliyefunzwa kazi ya hospitali. Mwaka 1928 Askofu Lucas alieleza mawazo yake haya katika insha iliyochapishwa Uingereza, nayo ikasomwa sana na wamisionari wa nchi nyingine.

Upande wa wasichana kazi ilikwenda polepole, wala haikufika palipofika jando. Wengi wamesema kwamba sababu ni ukaidi wa wanawake wazee. Mimi siwafuati. Nadhani sababu kubwa iko katika jambo lenyewe. Jando lina kisu. Aliyeshika kisu, na dawa ya kidonda, ameshika jando. Kwa hiyo misheni ilipoleta kisu safi na mtu wa hospitali, wazazi walipata faida waliyoiona kwa macho, na mengine yakafuata. Wasichana wa Wayao na wa Wamakua hawakutahiriwa. Unyago wao wote ulikuwa nyimbo, ngoma, mafumbo, na vitu vya kuonyeshwa. Ukiondoa maneno yake umeondoa unyago mzima, na misheni haikuwa na kitu cha kuingiza mahali pake illa maneno mengine. Tena maneno yale ya kwanza yalikuwa mali ya wanawake wazee, ambao cheo chao kizima kilitegemea kuyajua. Nyakanga aliyeombwa ayatoe maneno yake yachujwe na padre alikuwa akiombwa atoe enzi yake.

Likatokea lile ambalo wengi wetu twalijua. Msichana alitiwa malango ya Kanisa, akafundishwa usafi, adabu, sala, na heshima ya ndoa. Kisha mwaka uleule, baada ya mavuno, shangazi yake akamchukua kijiji cha pili kwenda kufundwa upya. Kijijini walisema kwamba malango ya Kanisa ni chakula kisicho chumvi. Neno hili ni kali, lakini lina haki ndani yake. Katika malango ya Kanisa msichana aliambiwa mara nyingi lile asilopaswa kufanya. Lakini habari za mwili wake, alizokuwa na shauku nazo na hofu nazo, hakuelezwa vizuri, maana waalimu wake waliona haya. Nyakanga hakuona haya. Alieleza mengi mabaya pamoja na mema, lakini alieleza.

Iko tofauti nyingine ambayo haitajwi sana. Unyago wa zamani haukumfundisha msichana kuchagua. Ulimfundisha kujua mahali pake na kupatunza: kumheshimu mume, wakwe, wazee, na miiko. Mume mwenyewe mara nyingi alikuwa amekwisha kupatikana kabla ya ngoma kwisha. Kanisa lilileta desturi ngeni kabisa, wala sijui kama waliolileta walitambua ukubwa wake. Mbele ya altare msichana huulizwa, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kama ataka. Pasipo neno lake hapana ndoa. Basi fikirini: mtoto aliyefunzwa miaka yote kunyamaza na kuinamisha macho, siku moja asimamishwe mbele ya watu aambiwe aseme. Kama malango hayakumtayarisha kwa swali lile, jibu lake ni la mama yake.

Masasi hawakuwa peke yao katika mambo haya. Katika Nyasaland, nchi iitwayo Malawi tangu 1964, wanawake wa makanisa ya Kipresbiteri waliweka chilangizo badala ya chinamwali cha Wachewa, na kazi hiyo ikawa mikononi mwa vyama vya akina mama wenyewe. Hili lilikuwa shauri jema. Palepale mamlaka ya kufunda yalibaki kwa wanawake, ila walikuwa wanawake wengine.

Katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya sasa, Mabel Shaw wa London Missionary Society alifika Mbereshi mwaka 1915, akaongoza shule ya wasichana ya bweni hata 1940. Wasichana hawakulala wote katika bweni moja refu kama askari. Waligawanywa katika nyumba, na katika kila nyumba wakubwa waliwalea wadogo kama mama na wana. Mabel Shaw alitwaa pia mambo ya chisungu, yaani unyago wa Wabemba, akayapa maana ya Kikristo, na katika kitabu chake cha mwaka 1932 alieleza maisha ya shule hiyo. Twaweza kumlaumu kwa mambo fulani, maana alipenda mno kuwa mama wa wote. Lakini nyumba zile zilikuwa fundisho kubwa kuliko somo lolote: msichana wa miaka kumi na minne aliyepewa watoto watatu wa kuwaogesha, kuwalisha, na kuwaamua wakigombana, kila siku alikuwa na jambo la kukata shauri.

Chisungu yenyewe, ile ya vijijini, ilitazamwa kwa makini na Mwingereza Audrey Richards mwaka 1931, naye akatoa kitabu juu yake mwaka 1956. Ngoma ile ilichukua siku 23. Mwenye kuiongoza aliitwa nachimbusa, na vyombo vya kufundishia viliitwa mbusa: sanamu za udongo na michoro ya ukutani, kila moja na wimbo wake. Jambo lililomshangaza mwandishi yule, nalo litushangaze na sisi, ni kwamba wanawake walimwambia kila siku kuwa wanawafundisha wari, hali wari wenyewe walikaa wamefunikwa nguo, wala hawakuelezwa sana. Kupika walikuwa wakijua, kulima walikuwa wakijua. Maana ya nyimbo nyingi hawakuambiwa. Waliipata pole pole katika miaka iliyofuata, walipohudhuria ngoma za wadogo zao na kuuliza. Mwalimu wa shule atasema kwamba hayo si mafundisho. Mimi nasema ni mafundisho ya namna nyingine: mtoto hupewa fumbo lenye wimbo asioweza kuusahau, na maisha ndiyo yanayolifumbua. Hapo ndipo narudia neno malango kwa maana ya kuonyesha. Sisi wa misheni tumeeleza mno.

Katika nchi ya Kenya jambo lilikuwa na uchungu zaidi, kwa sababu huko kisu kilikuwako kwa wasichana nacho kiliumiza. Mwaka 1929 Misheni ya Scotland huko Kikuyu, iliyoongozwa na Daktari John Arthur, iliwataka Wakristo wake wakane tohara ya wasichana. Wengi walitoka katika Kanisa, na shule zisizo za misheni zikaanzishwa. Katika ghasia hizo wanaume walisemezana kwa sauti kubwa, Wazungu kwa Waafrika, na wasichana wenyewe hawakusikiwa sana. Walakini huko Tumutumu waliungana wakafanya chama kilichoitwa Ngo ya Tuiritu, maana yake ngao ya wasichana, nao mwishoni mwa mwaka 1931 wakapeleka maombi yao kwa baraza la wenyeji la Nyeri Kusini. Wasichana wa misheni kulipelekea baraza la wanaume barua juu ya miili yao, mwaka ule! Naona tendo hili halijapewa heshima yake katika historia zetu.

Miaka 25 baadaye yakatokea ya Meru, ambayo kila mwenye kupenda amri kuliko mafundisho angepaswa kuyasoma. Mwaka 1956 baraza la wazee, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wazee wale walikuwa wanaume watupu. Wasichana hawakuulizwa wala hawakufundishwa. Nao wengi wakanunua nyembe wakaenda porini, wakatahiriana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana na wazazi wao, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile. Hapo wasichana walichagua kweli, wakiwa kikundi, kwa ushujaa, na wakachagua kisu. Tusijidanganye kwamba kijana akipewa rafiki zake na uhuru atachagua jema kwa kuwa ni kijana wa Kanisa.

Kisha mwaka 1996, katika nchi ya Tharaka jirani na Meru, mahali paitwapo Gatunga, akina mama wa Maendeleo ya Wanawake, pamoja na wasaidizi wao, walifanya jambo jipya liitwalo Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani juma moja kama wari wa zamani, kila mmoja akiwa na mwanamke wa kumwongoza. Wakafundishwa habari za mwili, za desturi njema za wazee wao, za afya, za kusema hapana. Hata siku ya mwisho wakatolewa kwa shangwe mbele ya kijiji kizima. Tangu hapo jambo hilo limefanywa katika sehemu nyingine nyingi za Kenya, na makanisa kadha wa kadha yamelishika. Sheria nayo imekuja: Tanzania mwaka 1998, Kenya mwaka 2011. Lakini atakayesoma habari za Gatunga akiwa na habari za Masasi mkononi ataona ndugu wawili: kukaa ndani, mwongozaji mwanamke, nyimbo, kutolewa hadharani. Jambo moja lililoongezwa Gatunga, ambalo Masasi ya kale ilikosa, ni kwamba baba na kaka walifundishwa pia, maana msichana hawezi kushika shauri ambalo nyumba yote imekusudia kulivunja.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa ajili ya walimu watakaopenda kuijaribu. Katika mtaa wetu wasichana wa kipaimara hukaa pamoja siku tano wakati wa likizo, chini ya wanawake wanne wa chama cha akina mama, na mkubwa wao ni bibi aliyekuwa nyakanga kabla hajabatizwa. Huyu ndiye roho ya kazi. Jioni wasichana hugawanywa watano watano, na kila kundi hupewa hadithi iliyokatwa katikati. Mathalani: msichana ametumwa mashine ya kusaga, jua limeshuka, mwenye pikipiki ambaye ni jamaa wa mbali amwambia, "Panda, binti, sitaki nauli." Kundi hukaa, hushauriana, kisha huja kuigiza mwisho wake. Bibi hasemi vyema wala vibaya. Huuliza neno moja tu, "Na kesho yake?" Wasichana huigiza kesho yake. Huuliza tena, "Na kesho yake?" Makundi mengine hucheka mwanzoni, mara ya tatu hawacheki. Nimeambiwa haya, sikuyaona, kwa kuwa sikaribishwi.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba makundi hayafikii mwisho mmoja. Mwaka mmoja kundi la kwanza lilimfanya msichana akatae na kutembea gizani, akafika salama. Kundi la pili lilimfanya akatae, akapotea njia. La tatu likasema angelala kwa mwenye mashine, ambaye ni mjane, na asubuhi apigwe na mama yake kwa kuchelewa. Mwalimu kijana aliyekuwapo alitaka kuwaambia jibu. Bibi akamkataza kwa jicho, nao wasichana wakabishana usiku hata taa ikazimika. Shauri la mjane halikuwa katika hadithi aliyoiandika mwalimu yule, lilitoka kwao. Nyimbo ni za nyakanga mwenyewe. Padre alizisoma zote kwanza, akakataa tatu, na bibi akakubali mbili zitoke. Ile ya tatu wangali wanabishana.

Mabishano makubwa kati ya walimu ni mawili. La kwanza ni umri. Wayao walifunda kwa vituo, sisi twafunda mara moja, na kwa hiyo twawaambia wa miaka kumi na miwili mambo ya wa miaka kumi na sita, au twawanyima wa kumi na sita kwa ajili ya wadogo walioko. Mimi naona turudie vituo: siku chache kabla ya kipaimara, siku chache amalizapo shule, na nyingine anapochumbiwa. Litiwo nayo ingefaa irudi, hasa kwa kuwa kliniki imekwisha kuchukua nusu ya kazi yake. La pili ni siri. Wengine wasema kwamba mafundisho ya Kanisa hayapasi kuwa na siri, na kwamba yanenwayo ndani yaweza kunenwa juani. Akina mama wa mtaa wetu wamejibu kwamba yote yameandikwa katika daftari, na daftari liko kwa padre, alitakaye alisome. Lakini nyumba ya wari, siku zile tano, itafungwa, na atakayebisha hodi atajibiwa na bibi kutoka ndani.